Gia 21 au sproketi moja kwa ajili ya masika? Jibu kwa mwalimu wa Pemba

«Assalaam alaykum fundi. Mimi ni mwalimu, naishi shamba upande wa Wete. Kila siku naenda skuli kilomita 9 na kurudi 9. Kilomita 3 za mwanzo ni njia ya udongo: inateremka bonde la mpunga, inapanda upande wa pili, halafu ndiyo lami. Baiskeli yangu ni ya milimani, magurudumu inchi 26, gia 21, niliinunua mtumba. Masika iliyopita tope liliganda nyuma, gia zikawa hazibadiliki, na siku moja ule mkono wa gia unaohamisha mnyororo nyuma uliingia kwenye spoki ukavunja tatu. Fundi wa kijijini anasema tung'oe kila kitu tubakishe sproketi (gurudumu la meno) moja nyuma kama baiskeli ya Phoenix. Rafiki yangu anasema nikifanya hivyo mlima sitoupanda na mnyororo utakatika, maana wakati mwengine nampakia mwanangu wa miaka 6. Mbele nimehesabu meno 42, 34 na 24. Nyuma ekseli inaingia kwenye fremu kutoka chini kwenda juu, gurudumu halisogei mbele wala nyuma. Nifanye au nisifanye?»

Wa alaykum salaam, maalim. Umenirahisishia kazi kwa kuhesabu meno na kuangalia ekseli inavyoingia, maana hayo mawili ndiyo yanayoamua kazi yenyewe. Nakujibu kwanza, halafu nikueleze sababu: fanya, lakini usikubali kung'oa kila kitu. Kwa fremu ya namna hiyo, ukiutoa mkono wa gia pasi na kuweka kitu kingine cha kukaza mnyororo, hutofika lami. Na rafiki yako ana hofu ya haki, ila ameiweka pasipo pake. Mlima utaupanda. Cha kuogopa ni mnyororo kuruka meno ukiwa umesimama juu ya pedali na mtoto yuko nyuma, na hilo lina dawa.

Tuanze na tope, kwa sababu ukielewa lilivyokuvunjia spoki utaelewa kila nitakachokuambia baadaye. Udongo wa mabonde yetu ya mpunga ni kinamo. Si kama mchanga wa upande wa Micheweni unaodondoka wenyewe ukikauka. Kinamo kinashika, kinafinyangika, na kinachukua majani na mizizi ya mpunga kikafanya kamba. Siku ukivuka bonde, ipindue baiskeli uitazame nyuma kwa karibu. Zile sproketi saba zimepishana kama milimita 5 tu kutoka moja hadi nyengine. Mwanya baina yao unajaa udongo uliokandamizwa na mnyororo wenyewe, mpaka mnyororo haufiki tena kwenye shina la jino. Unakaa juu juu, ukikanyaga kwa nguvu unaruka.

Chini yake kuna vile vigurudumu viwili vidogo vya mkono wa gia. Navyo vinajaa, vinakataa kuzunguka. Wewe huna habari, unaona baiskeli imekuwa nzito tu, unazidi kukanyaga. Mnyororo hauwezi kupita, basi unauvuta mkono mzima nyuma na juu. Kijipande cha fremu kinachoushika kinapinda, mkono unaingia ndani, spoki ya kwanza inaukamata, na gurudumu linamaliza kazi. Spoki zako tatu zilivunjwa na ule mkanyago wa mwisho. Ndiyo maana nawaambia watu wote wenye gia: baiskeli ikiwa nzito ghafla kwenye tope, shuka. Usiilazimishe hata mzunguko mmoja.

Na kule kutobadilika gia kabla ya siku ile kulikuwa ni waya. Mkono wa gia huvutwa na waya upande mmoja, na springi huurudisha upande mwengine. Maji ya tope yakiingia ndani ya mpira wa waya, pamoja na hewa yetu ya chumvi, waya unapata kutu. Kidole chako kina nguvu za kuuvuta, springi haina nguvu za kuurudisha. Kwa hiyo unapata gia za upande mmoja tu.

Ukiwa na sproketi moja, waya hauna kazi ya kubadilisha tena, ile mianya myembamba haipo, na jino likipita kwenye tope hulisukuma nje pembeni kwa sababu hapana sproketi ya jirani ya kulizuia. Hii ndiyo faida ya kweli, na kwa njia yako ni kubwa. Lakini haitokusaidia kitu kwenye tope linaloganda baina ya tairi na fremu, wala kwenye breki. Kama tairi zako ni pana, inchi 2.2 au zaidi, weka za 1.95 ili pabaki nafasi, na kama una madigadi ya plastiki iliyobana, itoe msimu huu. Breki za mpira kwenye tope zinasugua rimu kama msasa. Pitisha kidole ubavuni mwa rimu: ukihisi imeingia ndani kama kijiko, hiyo rimu imekwisha, na usimpakie mtoto mpaka uibadilishe.

Sasa mlima. Watu husema «sproketi moja» kama kwamba ni uzito mmoja kwa baiskeli zote. Uzito unatokana na meno ya mbele ukiyagawa kwa meno ya nyuma, halafu na ukubwa wa gurudumu. Gurudumu lako la inchi 26 likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2 na sentimita 7. Ukiweka 34 mbele na 20 nyuma unapata 1.7, yaani kila mzunguko wa pedali unakupeleka mita 3 na nusu. Chukua Phoenix yenye 48 mbele na 20 nyuma, gurudumu inchi 28: kila mzunguko ni mita 5 na ushee. Wazee wetu walikwenda na hizo Pemba nzima, na vilima vyake vyote, na gunia nyuma. Walishuka wakasukuma palipowashinda, lakini walikwenda. Wewe pedali yako itakuwa nyepesi kuliko zao kwa thuluthi nzima.

Nikwambie na upande wa pili. Leo gia yako nyepesi kuliko zote, 24 mbele na ile kubwa ya nyuma ambayo kwa kawaida ni 28, inakupeleka chini ya mita 2 kwa mzunguko. Hiyo utaipoteza. Mlima wa kutoka bondeni, ukiwa na mtoto na njia imelowa, pengine utashuka. Na kwenye lami utapoteza gia nzito: kwa mizunguko 70 ya pedali kwa dakika, 34 kwa 20 inakupa kama kilomita 15 kwa saa. Ukiweka 18 nyuma utapata kama 16 na nusu, na mlima utakuwa mzito kidogo zaidi. Kwa kilomita 9, tofauti ni dakika tatu nne. Mimi kwa mtu anayepakia mtoto ningechagua 20 bila ya kufikiri mara mbili.

Lakini usiniamini mimi. Jaribu kabla hujatumia hata shilingi. Weka mnyororo kwenye 34 mbele, na nyuma hesabu meno uitafute sproketi ya 20. Kwenye seti nyingi za sproketi saba ni ya nne kutoka ile ndogo. Panda hivyo wiki nzima, kwenda na kurudi, usiguse kibadilishio. Siku mbili za mwanzo utahisi unadhulumiwa. Siku ya nne mwili utakuwa umejifunza kuingia mlimani na kasi badala ya kungoja mpaka unakwama. Ikifika Ijumaa magoti yanauma, maalim, hiyo si kazi yako, na mwisho wa barua nina njia nyengine kwa ajili yako.

Tukienda kwenye kazi yenyewe, kwanza tujue una nini nyuma. Mkusanyiko wa sproketi unafungwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni friwili nzima inayokazwa kwa nyuzi kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ya pili ni kaseti, sproketi zinazochomekwa kwenye mwili ambao ni sehemu ya habu. Toa gurudumu, lishike lisizunguke, halafu zungusha sproketi kinyumenyume huku ukitazama katikati pale panapoingia chombo cha kufungulia. Kama pale katikati panatulia wakati sproketi zinazunguka, ni friwili. Kama panazunguka pamoja nazo, ni kaseti.

Baiskeli nyingi za mtumba za gia 21 zina friwili ya nyuzi, na ikiwa yako ndiyo hiyo, una bahati. Friwili ya sproketi moja inayouzwa kwa Phoenix, ya meno 18 au 20, inaingia kwenye nyuzi hizo hizo. Ipo kila duka la vipuri, huna haja ya kuagiza. Ila meno yake ni mapana, kwa hiyo mnyororo wako mwembamba wa gia hautoikalia sawasawa. Nunua na mnyororo mpana wa Phoenix. Mbele utakaa vizuri tu kwenye 34. Ikiwa ni kaseti, unatoa sproketi zote, unachomeka moja, na nafasi iliyobaki unaijaza na vipete vilivyokuwa baina ya zile za zamani.

Hapo kwenye kaseti nina jambo la kukuonya, maana lilinifika mkononi. Zamani nilimfungia kijana mmoja sproketi niliyoitoa kwenye kaseti yake mwenyewe. Niliona ina meno mazuri, haijaliwa. Sikutazama kwamba baadhi ya meno yake yamekatwa mafupi na kupindwa kwa makusudi, ili mnyororo uteleze kwa urahisi kwenda sproketi ya jirani. Hiyo ndiyo kazi yake kwenye gia. Akasimama juu ya pedali kwenye kilima, mnyororo ukapanda jino fupi ukaruka, mguu ukakosa pa kukanyaga, kifua kikapiga usukani. Aliumwa wiki mbili. Tangu siku ile sifungi sproketi ya peke yake isipokuwa yenye meno marefu yaliyo sawa yote. Ishike mkononi, izungushe mbele ya macho: jino lolote likiwa fupi kuliko jirani yake, irudishe.

Jambo la pili ni mnyororo kukaa mstari ulionyooka. Friwili ya sproketi moja ikikazwa kwenye habu yako itakaa ndani sana, karibu na spoki, na ile 34 ya mbele iko nje zaidi, pengine kwa karibu sentimita moja. Mnyororo ukikaa upande utalia, utakula meno, na utatoka. Dawa yake ni kuhamisha wosha za ekseli: zile zilizo upande wa kulia zinahamia kushoto, habu inasogea kulia, halafu rimu inarudishwa katikati kwa kukaza spoki za upande mmoja na kulegeza za pili. Kuna faida hapa ambayo watu hawaitegemei. Gurudumu la gia saba limepinda spoki zake za kulia karibu zisimame wima, na ndizo zinazokatika. Ukishalisogeza hivi, pande mbili zinakaribia kulingana na gurudumu linakuwa imara kuliko lilivyokuja. Kwa mtu anayepakia, hilo peke yake lina thamani.

Sasa lile la tatu, ambalo fundi wako amelisahau. Phoenix haina mkono wa gia kwa sababu mdomo wa fremu yake, pale inapoingia ekseli, unalala: unaliburura gurudumu nyuma mpaka mnyororo unakaza, unafunga nati. Wako umesimama. Gurudumu linakaa pale pale, na mnyororo huongezwa na kupunguzwa kwa viungo viwili viwili, inchi nzima kwa mara moja. Ni bahati nasibu kupata urefu unaokaza barabara, na hata ukiupata leo, baada ya mwezi mmoja wa tope utakuwa umelegea. Lazima pawe na kikazio: kijikono kimoja chenye kigurudumu na springi, kinachofungwa pale pale ulipokuwa mkono wa gia. Kama huku hukipati, muagize mtu Unguja au Dar es Salaam.

Au tumia mkono wa gia wa zamani kama kikazio. Unakata waya mfupi wa sentimita chache, unaufunga kwenye skrubu yake ya waya huku mkono umevutwa mpaka vigurudumu vyake vimekaa chini ya sproketi barabara, na hapo unabaki daima. Wako lakini umeshaingia kwenye spoki. Usiurudishe mpaka fundi ameupima na kukinyoosha kile kijipande cha fremu kinachoushika. Kikiwa kimepinda hata kidogo utaingia tena. Na mnyororo mpana wa Phoenix mara nyengine unakwaruza ndani ya mkono wa gia. Uzungushe kwa mkono, usikilize.

Ukishafunga, shika mnyororo katikati baina ya mbele na nyuma, upande wa juu, kwa kidole. Uchezecheze kama sentimita moja juu na chini. Ukikaza kama waya wa gambusi unaua gololi za habu. Ukiteremka kama kamba ya nguo utatoka.

Kuhusu mnyororo kukatika, mwambie rafiki yako hivi: mnyororo unaokwenda mstari mmoja unateseka kidogo kuliko ule unaovutwa upande kila siku. Unaokatika mara nyingi ni ule uliounganishwa vibaya, pini ikabaki imetokeza nje upande mmoja, au uliokwisha kuchakaa. Kupima kuchakaa hakuhitaji chombo cha duka. Tandika rula ya chuma juu ya mnyororo: inchi 12 zinaanza katikati ya pini na kumaliza katikati ya pini. Ikiwa pini ya mwisho imepita kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha mnyororo. Ikipita moja ya nane, mnyororo umeshakula na meno, badilisha vyote.

Na tafadhali usiupake oili chafu ya gari. Najua ni bure na najua kila mtu anaipaka. Ina unga wa chuma ndani yake, na ikichanganyika na kinamo inakuwa dawa ya kusaga. Osha kwa ndoo na brashi, kausha kwa kitambaa, tia tone moja la oili safi kwenye kila kiungo, subiri, halafu futa nje yote. Oili inatakiwa ndani ya kiungo. Ya nje kazi yake ni kukusanya tope tu.

Mtoto sasa. Kabla ya masika, na gia au bila ya gia, zibe spoki za nyuma pande zote mbili pale miguu yake inapofika: kipande cha plastiki ngumu, hata cha dumu, kifungwe vizuri kwenye keria. Mguu wa mtoto unaoingia kwenye spoki ni jeraha baya, linafika mpaka mfupa. Na mwezi wa mwanzo wa sproketi yako mpya panda peke yako. Simama juu ya pedali mlimani, uvute kwa nguvu zote, upite kwenye tope makusudi. Ikiwa mnyororo haujaruka hata mara moja kwa mwezi, mpakie. Ukiruka mara moja, hata bila ya kuanguka, usimpakie mpaka ujue kwa nini.

Ile njia nyengine niliyokuahidi ni hii. Kama jaribio la wiki moja limekushinda, toa kibadilishio cha mbele peke yake, bakisha 34 mbele na sproketi saba nyuma, badilisha waya na mpira wake mpya, na usibadilishe gia hata moja ukiwa ndani ya bonde. Chagua gia kabla hujateremka. Gharama ni ndogo, na unapunguza nusu ya matatizo. Na kama una uwezo kidogo, kuna jambo ninalolipenda kuliko yote: tafuta gurudumu la nyuma la pili la mtumba, ulifunge friwili moja, liwe gurudumu la masika. Mwezi wa Machi unalifunga, kipupwe kikiingia unarudisha la gia, pamoja na mnyororo wake. Vuli ikija kali, unalifunga tena.

Kazi mbili usizifanye nyumbani. Kufungua friwili ya zamani ni ya kwanza, kwa sababu kila ulivyokanyaga miaka yote hiyo ulikuwa unaikaza. Inataka chombo chake hasa, kinachoingia kwenye tundu zake, na jiliwa la kushikia. Mtu akija na tindo na nyundo mzuie. Atavunja tundu, na baada ya hapo haifunguki tena. Ya pili ni kurudisha rimu katikati na kuweka zile spoki tatu. Peleka mjini, Wete au Chake, kwa fundi mwenye stendi ya kunyooshea gurudumu, na umwambie kwa maneno haya: «Nataka habu isogee kulia mpaka sproketi ilingane na ya kati ya mbele, halafu rimu irudi katikati ya fremu.» Mchukulie fremu na gurudumu pamoja, asipime kwa macho. Na hapo hapo mwambie akague fremu pale kijipande cha mkono wa gia kinapoungana nayo. Akiona mstari mwembamba kama unywele kwenye rangi, na fremu ni ya aluminiamu, usitie pesa yoyote kwenye baiskeli hiyo mpaka nyinyi wawili mmeukwangua mkaona kama ni rangi au ni ufa.